Telefone inaingia moto, lakini ordinatere haiioni: tufanye nini?



Tangu koperative nyingi zianze kupima mashamba ya kawa na kakao, telefone imekuwa kaye yetu. Ndani yake kuna majina ya wakulima, picha za mashamba na alama za GPS. Kazi hii haikuja bure. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopitishwa mwaka 2023, inaomba kila kawa na kakao inayoingia kwao ijulikane shamba ilikotoka. Kwa shamba la hekta 4 ao chini, nukta moja ya GPS inatosha. Kwa shamba linalopita hekta 4, inaombwa mzunguko wote wa mipaka.

Sasa tuseme ukweli: kazi ile yote ya kupanda na kushuka milima mara nyingi inakaa paka ndani ya telefone moja, mfukoni mwa kijana mmoja. Telefone ikianguka ndani ya maji ao ikiibwa sokoni, tunarudia milima. Ndiyo maana tunawaambia kila juma: hamisheni kazi kwenye ordinatere ya biro.

Na hapo ndipo shida inaanza. Mtu anachomeka kable, telefone inaingia moto vizuri, lakini ordinatere inanyamaza. Ao inaandika kwamba haikitambui kitu hicho. Sekretere anasema: “Pilote inakosekana.” Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara, na kabla ya kumulipa fundi wa mujini ni vizuri kujua tofauti.

Pilote ni nini? Ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Mnunuzi anayefika Lubero bila kujua Kinande anaweza kuona magunia ya kawa mbele yake na asielewane na mwenye mali mpaka mtu asimame katikati. Ordinatere pia iko vile. Kila kitu kinachochomekwa kinahitaji mkalimani wake. Lakini hapa kuna habari nzuri: kwa telefone za Android, Windows imekuja na mkalimani huyo ndani yake tangu Windows Vista ya mwaka 2007. Kwa hiyo mara nyingi pilote haikukosekana kabisa. Iko ndani, lakini haikuamka. Hakuna haja ya kumaliza mega za intaneti kwa kuitafuta mbali.

Tuanze na kable

Kable nyingi za bei ndogo zinazouzwa barabarani ni za kuingiza moto tu. Kable nzima ya USB ya kawaida ina nyuzi 4 ndani: 2 za moto na 2 za kupitisha habari. Ile ya moto tu inakosa hizo mbili za mwisho, na kwa macho haionekani tofauti. Telefone itaandika kwamba inajazwa, nanyi mtafikiri kila kitu ni sawa. Jaribuni kable nyingine, hasa ile iliyotoka ndani ya kartoni ya telefone. Kiisha mjaribu tundu lingine la ordinatere. Muangalie pia tundu la telefone yenyewe: vumbi la barabara linajaza humo, na kijiti chembamba cha mti kinatosha kulitoa polepole, telefone ikiwa imezimwa. Msitumie sindano.

Tunashauri koperative iwe na kable moja ya habari yenye alama ya sikochi nyekundu, na isitoke ndani ya biro. Tunajua itaazimwa. Kataeni.

Kiisha muulize telefone

Tangu Android 6, ya mwaka 2015, telefone inayochomekwa kwenye ordinatere inapokea moto tu mpaka mwenyewe aseme mengine. Ni ulinzi, juu mtu asikuibie picha pale unapoomba moto kwa jirani. Kwa hiyo fungueni kwanza telefone kwa kode yake. Vuteni kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini. Mtaona ujumbe unaosema kwamba telefone inajazwa kupitia USB. Mguse hapo, kiisha muchague “Transfert de fichiers”. Telefone zingine zinauliza moja kwa moja kama ordinatere ina ruhusa, mguse “Autoriser”. (Maneno ya Kifaransa tunayaandika vile yanavyoonekana kwenye vioo vingi hapa kwetu, yanaweza kubadilika kidogo.)

Hatua hii peke yake inamaliza shida nyingi zinazoitwa “za pilote”. Mafundi wengine watawaambia muwashe “Débogage USB”. Kwa kuhamisha picha na faili haihitajiki, na ni afazali ibaki imezimwa.

Telefone ndogo za vitufe zenye karte memwari zinauliza pia zikichomekwa: muchague “Stockage de masse”. Hizo zinaonekana kama flashi tu.

Sasa pilote yenyewe

Kama kable ni nzima, telefone imefunguliwa na “Transfert de fichiers” imechaguliwa, lakini ordinatere bado haioni kitu, basi tuingie ndani. Kwenye Windows 10 ao 11, bonyezeni alama ya Windows kwa kitufe cha kuume cha suri, kiisha “Gestionnaire de périphériques”. Inatokea orodha ndefu. Msiogope. Tafuteni mstari wenye alama ndogo ya manjano, mara nyingi chini ya “Autres périphériques”, wenye jina la telefone yenu ao neno MTP. Mkiifungua na kuona Code 28, ndiyo hiyo: Windows yenyewe inakubali kwamba pilote haijawekwa.

Njia ya kwanza: telefone ikiwa bado imechomekwa, bonyezeni mstari huo kwa kitufe cha kuume, muchague “Désinstaller l'appareil”. Chomoeni kable, muzime na kuwasha ordinatere, mrudishe kable. Windows itamuamsha mkalimani wake upya.

Ikikataa, njia ya pili haihitaji intaneti hata kidogo. Kwenye mstari uleule, muchague “Mettre à jour le pilote”. Ordinatere itauliza itafute yenyewe ao mutafute nyinyi. Jibuni kwamba mtatafuta ndani ya ordinatere, kiisha muombe orodha ya pilote zilizomo tayari. Katika aina, muchague “Appareils mobiles”, na ndani yake ile yenye jina MTP. Mkubali, mungoje kidogo. Telefone inatokea kati ya diski zingine.

Msidanganywe na programu za bure zinazojitangaza kwamba zinaleta “pilote zote”. Nyingi zinaleta matangazo, na zingine virusi, na virusi ndani ya ordinatere inayoshika hesabu za koperative si mchezo. Kama kweli mnahitaji pilote ya telefone fulani, muichukue kwenye ukurasa wa intaneti wa kampuni iliyotengeneza telefone hiyo, si kwingine.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawaliangalii. Ordinatere nyingi tunazotumia zilitoka Ulaya zikiwa zimetumika. Huko Ulaya, baada ya uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2004, kulitoka Windows ya aina inayoitwa N, isiyo na sehemu ya muziki na video. Bahati mbaya, sehemu ileile ndiyo inabeba MTP. Ordinatere ya namna hiyo haitaona telefone hata mkibadilisha kable kumi. Angalieni ndani ya “Paramètres”, “Système”, “Informations système”: kama jina la Windows linamalizika kwa herufi N, ndiyo sababu. Dawa iko, inaitwa Media Feature Pack, nayo ni ya bure. Kwenye Windows 10 za karibuni inapatikana ndani ya “Fonctionnalités facultatives”. Hii inahitaji intaneti, kwa hiyo mpeleke ordinatere mahali penye konekisio nzuri siku moja tu.

Telefone ikionekana

Nakilini faili, msizikate. Ndani ya programu ya kupima mashamba, toeni kwanza faili za GPS ziende ndani ya “Download”, kiisha mzibebe pamoja na picha za “DCIM”. Kama picha za leo hazionekani na za jana ziko, zimeni na kuwasha telefone. Orodha yake ilikuwa bado ya zamani. Hesabuni picha pande zote mbili, mfungue tatu ao ine kuona kama ni nzima. Kiisha tu mufute kwenye telefone, kama nafasi imekwisha.

Na siku kila kitu kinakataa? Karte memwari inaweza kutolewa na kuwekwa ndani ya kisomaji kidogo cha USB, ikiwa picha zilihifadhiwa kwenye karte. Bluetooth pia inafaa kwa faili za GPS, juu ni ndogo. Lakini WhatsApp muitumie kwa akili: ikituma picha kwa njia ya kawaida, inaipunguza ukubwa na kuondoa alama ya GPS iliyofichwa ndani yake, na picha ya shamba isiyo na mahali haisaidii kitu mbele ya mnunuzi. Mtume kama “Document”.