Mtoto anaharisha: je, kweli ni meno?

Kila tunapozungumzia afya ya watoto hewani, swali hili halikosi kuingia kwenye simu yetu: mtoto ana miezi minane au tisa, anaharisha tangu jana, na bibi yake anasema ni meno tu, yatapita. Tatizo ni zile siku mbili tatu za kusubiri yapite.

Meno hayamharishi mtoto. Tunaelewa imani hii inatoka wapi, maana mambo mengi hukutana katika umri mmoja. Karibu na miezi 6 meno yanaanza kuota, na wakati huohuo mtoto anaanza kula uji, anatambaa, na kila anachookota anakitia mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Uji uliopikwa asubuhi ukanyweshwa tena mchana bila kuchemshwa, maji ya kisima, mkono uliomtawaza mtoto mmoja ukaenda kumlisha mwingine: vijidudu hupita humo. Hata kinyesi cha mtoto mchanga, ambacho wengi hukitupa nyuma ya nyumba wakiamini hakina madhara, kinaambukiza kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni.

Watoto wengi huharisha na kupona nyumbani. Wanaozidiwa hadi kulazwa mara nyingi ni wenye utapiamlo, waliotoka kuugua surua, au ambao kabla ya miezi 6 walipewa maji, maziwa ya ng'ombe au uji badala ya maziwa ya mama peke yake. Chupa ya kunyonyea nayo ni hatari, kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafishika. Wengine hawajapata chanjo ya rota, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa tangu 2013. Ni ya matone mdomoni, na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Tazama kadi ya kliniki.

Lakini kinachomfikisha mtoto kwenye dripu ni kukaukiwa maji. Mtoto wa kilo 8 akipoteza maji yasiyofika hata lita moja, tayari yuko hatarini. Ndiyo maana tunasikitika kusikia mtoto amenyimwa kinywaji "ili tumbo lifunge". Tumbo halifungi kwa kiu. Maji yanaendelea kutoka, na hakuna yanayoingia.

Mwendelezee kunyonya na kula. Mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuongeza maji mwilini. Pakiti nyingi ni za lita moja ya maji safi na salama, lakini soma maelekezo yaliyoandikwa juu yake. Usiongeze sukari, na usikoroge nusu pakiti kwa kukadiria. Aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Soda si badala yake: sukari yake nyingi huvuta maji zaidi kuingia tumboni. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima asipewe kabisa.

Usingoje kesho ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu. Damu kwenye choo pia ni safari ya zahanati siku hiyohiyo. Njiani endelea kumnywesha ORS, hata kama uko juu ya bodaboda na mtoto mgongoni. Simameni kidogo, mpe vijiko kadhaa, mwendelee.

Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Hapa wengi hukosea: mtoto akiacha kuharisha siku ya tatu, vidonge vinawekwa kabatini. Mmalizie vyote, na kwa wiki mbili baada ya kupona mwongezee mlo mmoja kila siku ili arudishe uzito.