Tuwaiteje samaki wanaonaswa bila kutafutwa?

Mwalimu mmoja wa shule ya upili kutoka Kilifi ameniandikia akitaka nimkwamue. Anawatafsiria wanafunzi wake kijitabu cha mazingira, na kila akifika penye neno la Kiingereza bycatch, kalamu inagoma. Kamusi alizo nazo hazikumfaa. Wavuvi aliowauliza walimjibu kwa sentensi nzima: ni wale samaki wanaoingia wavuni na wewe hukuwaendea. "Sasa Profesa, nitumie lipi?"

Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu jina tutakalochagua ndilo litakaloamua nani analaumiwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Meli inayokokota wavu kwenye sakafu ya bahari ikitafuta kamba hutumia wavu wenye macho madogo, maana kamba naye ni mdogo. Macho hayo hayachagui. Wavu ukipandishwa, kamba huwa wamo, lakini pia wamo samaki wachanga ambao hawajawahi kutaga hata mara moja, kaa, taa, na pengine kasa aliyekufa kwa kukosa pumzi. Wanaouzika huwekwa, waliobaki hurudishwa majini, wengi wakiwa tayari ni maiti.

Mapendekezo niliyokwisha kuyasikia ni kadhaa. Wapo wanaosema "samaki wa bahati mbaya", na wapo wenye ladha ya Kiarabu wanaopenda "samaki wa nasibu". Yote mawili siyakubali. Nasibu ni jambo lisilotarajiwa, kama nazi kumwangukia mpita njia. Lakini ukikokota wavu wa macho madogo mahali ambapo samaki wachanga wanakulia, utawapata leo, kesho na keshokutwa. Hapo nasibu iko wapi? Neno hilo linamwosha mikono nahodha kabla hata hajashtakiwa.

"Samaki wasiolengwa" ni bora kidogo, na ndilo linalopendwa na watafsiri. Tatizo lake ni kwamba halituambii nani asiyewalenga. Chukua Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ambako Mto Sabaki na Mto Tana humwaga maji yenye rutuba na kuifanya ghuba hiyo kuwa makao ya kamba na malezi ya samaki wengi. Samaki asiyelengwa na meli ya kamba ndiye huyo huyo anayelengwa na mvuvi wa mtumbwi. Kwa mmoja ni ziada, kwa mwingine ni karo ya mtoto. Malalamiko ya wavuvi wadogo dhidi ya meli hizo, kwamba zinakata nyavu zao na kuwamalizia samaki, yalikuwa ya miaka mingi. Mwaka 2006 uvuvi huo wa kukokota ulisimamishwa, na uliporuhusiwa tena mwaka 2011 ulikuwa umewekewa masharti ya msimu na ya umbali kutoka ufuoni. Ukisema "wasiolengwa" umeshauchukua upande wa meli bila kujua.

Kuna pia wanaoita "takataka". Hilo nalikataa kwa sababu nyingine: sayansi ya samaki imechimba dhahabu humo. Mnamo Desemba 1938 meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine ilitia nanga East London, Afrika Kusini. Katika rundo la samaki, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la mji huo, aliona pezi la rangi ya buluu. Samaki yule alikuwa silikanti, jamii ambayo wataalamu waliamini ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. J.L.B. Smith alimpa jina la kisayansi la Latimeria kumuenzi mwanamke huyo.

Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na hapo wanasayansi wakagundua kwamba wavuvi wa visiwa hivyo walimjua zamani. Walimwita gombessa. Lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, ila sisi tulilipita jina lao tukaenda kukopa la Kizungu. Mwaka 2001 silikanti alinaswa na meli ya kukokota nyavu nje ya Malindi, na tangu 2003 makumi wamenaswa pwani ya Tanga, hasa karibu na Kigombe, katika jarife zinazotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Nyama yake yenyewe haifai kuliwa.

Kutokana na samaki hao wa "takataka", watafiti wamesoma umri wa silikanti katika miviringo ya magamba yake, kama vile mtu anavyousoma umri wa mti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hukomaa akiwa na miaka zaidi ya 50, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka 5. Yaani jarife moja, usiku mmoja, huweza kumwondoa mama aliyehitaji nusu karne kuwa mama.

Basi tumwambie nini mwalimu wetu? Niliwahi kufikiria "mavuo andamizi", lakini afisa mwandamizi ni mkubwa kazini, na msomaji angedhani ni mavuo ya mabosi. Napendekeza "mavuo ambatano". Mavuo tunayo tayari, na ambatano tumeizoea katika sentensi ambatano. Jina hilo linasema kweli tupu: anayevuta hiki huvuta na kile, havitengani mpaka wavu ubadilishwe.

Asichanganye hayo na mavuo ya kutupwa, ambayo ni sehemu tu ya mavuo ambatano. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba tani milioni 9.1 hutupwa baharini kila mwaka, karibu nusu yake ikitokana na nyavu za kukokotwa sakafuni. Hiyo ni hesabu ya waliotupwa, si ya wote walionaswa.

Suala moja la sarufi limebaki. Wanafunzi wake wakiandika "mavuo", upatanisho utakuwa wa ya-: mavuo yamepimwa, mavuo yametupwa. Sawa. Lakini akitajwa kasa au silikanti, warudi kwenye a-wa: amenaswa, wamekufa.