Je, Wajua? Kijana, Pumu na Mkoba wa Bibi

Je, wajua kwamba vijana wenye pumu hawasubiri daktari tu? Mwaka 2002 watafiti walichapisha majibu ya vijana 160 wa Bronx, jijini New York. Asilimia 80 walikuwa wametumia tiba zisizo za hospitali. Wanane katika kila kumi!

Unadhani nini kiliongoza? Dawa za kuchua kifua, asilimia 74! Chai za mitishamba zilifuata kwa asilimia 39, na sala asilimia 37. Kumbe bibi wa Bronx na bibi wa Tanga mkoba wao ni mmoja.

Umewahi kunusa mentholi iliyo katika dawa za kuchua, ukahisi pua imefunguka? Pua haijafunguka! Vipimo vinaonyesha hewa inayopita ni ileile. Mentholi inaamsha tu neva zinazohisi baridi, nawe unasadiki.

Mnywaji wa kahawa, sogea hapa. Mwaka 1860 daktari Mwingereza Henry Hyde Salter aliisifu kahawa kali kuwa dawa ya pumu. Hakukosea sana: kafeini hutanua kidogo njia za hewa, hata kwa saa nne. Ndiyo maana ukienda kupimwa mapafu unaambiwa usiinywe kwanza!

Usiniulize kuhusu sigara, maana utashangaa. Theodore Roosevelt alipokuwa mtoto, pumu ikimbana, alipewa kahawa nzito na sigara avute! Alinusurika, na mwaka 1901 akawa Rais wa Marekani akiwa na miaka 42.

Twende Hyderabad, India. Kila Juni maelfu ya watu hupanga foleni kumeza samaki mdogo aliye hai, mdomoni kajazwa dawa ya mitishamba. Familia ya Bathini inasema inatoa tiba hiyo bure tangu 1845. Sayansi haijathibitisha kwamba inaponya, lakini watu bado hupanga foleni.

Sasa Australia, mji wa Toowoomba. Vijana Waaborijini wenye pumu walifundishwa muziki: wavulana wakapuliza ala yao ya jadi, didjeridu, wasichana wakaimba. Matokeo yalichapishwa 2010, na pumzi za wavulana zilikuwa zimeimarika. Mpigaji wa didjeridu huvuta hewa puani huku akipuliza kwa mdomo. Hebu jaribu!

Wajua kuna mmea wenye sura mbili, ya heri na ya shari? Wachina wametumia efedra kwa pumu kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi akatoa ndani yake dawa ya efedrini. Lakini mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vya efedra, kwa kuwa vilihatarisha moyo.

Na huyu je? Daktari Roger Altounyan alikuwa na pumu, akaamua kujifanyia majaribio mwenyewe. Alivuta kwa makusudi mchemsho wa manyoya ya simbilisi ili abanwe, kisha akapima dawa zilizotokana na mmea wa Misri uitwao khella. Mwaka 1965 akapata kromoglikati, iliyokinga mamilioni.

Hata inhela ina mkono wa kijana! Mwaka 1955 binti wa miaka 13 alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isipulizwe kutoka kwenye kopo, kama ile ya nywele. Baba alikuwa George Maison, mkuu wa kampuni ya dawa. Mwaka 1956 inhela ikawa sokoni!

Lakini "cha asili" si lazima kiwe salama. Mwaka 1994 jarida la tiba la Australia liliripoti kifo cha msichana wa miaka 11 mwenye pumu, baada ya kula maziwa ya nyuki (royal jelly). Ungedhani?

Hili ulishike kuliko yote: mwaka 2019 pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani. Kunywa chai yako, imba, sali, lakini inhela isitoke mfukoni, na daktari wako aambiwe kila unachotumia.