Kijana Anayetaka Urefa: Ajitayarishe Vipi Kabla ya Mafunzo

Msimu wa karafuu ukipita na majamvi ya kuanikia kukunjwa, vijana wa mashamba hurejea viwanjani. Mtaa huu hucheza na mtaa ule, na wazee huja kutazama. Ni jambo jema lenye afya na furaha. Lakini mara nyingi firimbi hupewa mtu yeyote aliyesimama karibu, na goli moja lenye ubishi latosha kuvunja mchezo, tena wakati mwingine huvunja ujirani wa miaka mingi. Dawa yake si kuacha mpira. Dawa ni kila mtaa kuwa na kijana mmoja au wawili waliofundishwa kazi ya refa.

Mafunzo ya marefa wanaoanza huwa ya siku chache, nazo hazitoshi kumfundisha mtu kuanzia alifu. Afikaye akiwa tayari hupata nafasi ya kuuliza na kurekebishwa. Afikaye mtupu hurudi na cheti tu. Kwa hiyo twaeleza hapa mambo yampasayo mwanachama, au mtoto wa mwanachama, kuyafanya kabla ya kwenda.

SHERIA

Mpira wa miguu una sheria 17. Hutungwa na Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Mpira, ambayo ilikutana mara ya kwanza London mwaka 1886. Siku hizi mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai, basi apate kitabu cha mwaka huu, si kile kilicholala kabatini. Mzee aliyecheza kabla ya mwaka 1992 alizoea kumwona kipa akidaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Tangu mwaka huo, akirudishiwa hivyo makusudi, haruhusiwi kuushika. Tangu mwaka 2019 golikiki haina haja ya kutoka nje ya eneo la penalti ndipo mchezo uendelee. Na tangu mwaka 2025 kipa akiudhibiti mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona.

Lililo gumu zaidi ni kuzisahau sheria za watazamaji. Kando ya uwanja hupigwa kelele nyingi ambazo hazimo kitabuni. Tutaje chache:

1. Hapana kuotea kwa mchezaji anayeupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye golikiki, kona au mpira wa kurusha.

2. Kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Huwa kosa pale mchezaji anapoucheza mpira aliopigiwa na mwenzake, au anapomzuia mpinzani, au anapopata faida kwa kuwa mahali pale.

3. Si kila mpira ugusao mkono ni kosa. Refa hutazama kama mchezaji amekusudia, au ameutanua mwili wake kwa mkono isivyo kawaida. Lakini mpira ukimgusa mtu mkononi, hata kwa bahati mbaya, naye akafunga papo hapo, goli halikubaliwi.

4. Neno "nimecheza mpira" halimwokoi aliyemrukia mwenzake kwa namna ya hatari. Kuugusa mpira kwanza si ruhusa ya kuvunja mguu wa mtu.

5. Mpira ulio juu ya mstari bado umo mchezoni. Hutoka, au huwa goli, unapovuka mstari wote mzima, iwe chini au hewani.

6. Mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja katika goli la wapinzani, si goli. Ni golikiki.

Njia nzuri ya kusoma ni sheria moja kwa siku. Asome, afunge kitabu, kisha amweleze mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kueleza, bado hajaelewa. Sheria ya 11, ya kuotea, na ya 12, ya makosa na mwenendo mbaya, azipe siku zaidi. Kadhalika auchore uwanja mchangani kwa kijiti na kuandika vipimo: goli upana mita 7.32 na kimo mita 2.44, nukta ya penalti mita 11 kutoka goli, eneo la penalti mita 16.5. Wapinzani hukaa mita 9.15 mbali na frikiki. Ajue umbali huo ni hatua zake ngapi, maana uwanjani hatakuwa na kamba ya kupimia.

MIGUU

Mchezo kamili ni dakika 90. Mpanda mikarafuu ana mikono yenye nguvu, lakini kupanda si kukimbia. Aanze wiki 6 kabla, mara tatu kwa wiki: siku moja akimbie taratibu dakika 20 hadi 30; siku ya pili mbio fupi za kasi na mapumziko kati yake; siku ya tatu ajizoeze kukimbia kinyumenyume na kwa ubavu. Mwenye ugonjwa wa kifua au moyo amwone daktari kwanza.

VYOMBO NA MAZOEZI

Awe na firimbi mbili, saa mbili, daftari, kalamu, sarafu ya kurushia na kadi ya njano na nyekundu. Kadi zilitumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Aliyezibuni ni Mwingereza Ken Aston, aliyepata fikira hiyo kwa kutazama taa za barabarani, ili uamuzi ufahamike na kila mtu hata asiyejua lugha ya refa. Basi ajizoeze kupuliza kwa nguvu na kuonyesha kwa mkono bila kusita. Vilevile aombe kushika kibendera katika michezo ya jioni. Na akiwa mtazamaji, amfuate refa kwa macho badala ya mpira, aone anasimama wapi na kwa nini.

MOYO

Sheria ya 5 yasema uamuzi wa refa juu ya yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho. Akigundua amekosea aweza kugeuza kabla mchezo haujaanzishwa tena, lakini asigeuze kwa sababu ya kelele. Mkulima ajua uchungu wa kuona karafuu zake zikipimwa kwa mizani isiyo sawa. Na mchezaji huona uchungu huohuo. Ndiyo maana haifai refa kuchezesha timu ya ndugu yake, hata akijiamini vipi.

Wala wasidhani kazi hii ni ya watu wa mbali, au ya wanaume tu. Said Belqola wa Morocco alichezesha fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1998, wa kwanza kutoka Afrika. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 2022. Nao walianza kwa kujifunza sheria hizi hizi 17.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye kijana anayependa kazi hii amtafutie kitabu sasa, asingoje mafunzo yatangazwe.