PIKAPU YA TAWI: TUITENGENEZE AU TUIUZE?

Swali hili limefika mbele ya matawi mengi, na wanachama wenye gari dogo la mizigo wanalo hata majumbani mwao. Pikapu imezeeka, imeliwa na kutu, lakini injini bado inanguruma. Je, itengenezwe au iuzwe? Katika tawi letu la Mengo swali hili lilituchukua mikutano mitatu, na maneno makali yalisemwa. Tumeona vyema tueleze hapa jinsi tulivyolipima, maana mali ya namna hii ni jasho la watu wengi.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, kwa michango ya wanachama. Kazi zake zinajulikana na kila mwenye kadi ya chama. Ilibeba viti na turubai za mikutano, iliwazungusha wajumbe viwandani na gerejini, ilipeleka wagonjwa hospitali usiku. Zaidi ya yote ilisafirisha maiti. Mfanyakazi akifia hapa Kampala, watu wake wanataka azikwe kwao, katika ardhi ya baba zake. Kwenda Masaka peke yake ni kama kilomita 130, na wengi kwao ni mbali kupita Masaka. Kukodi gari kwa safari kama hiyo kunaweza kumaliza akiba yote ya mjane. Kwa hiyo yule mzee aliyesimama mkutanoni akauliza, "Tukiuza pikapu, nani atatufikisha nyumbani?" hakusema neno la mchezo.

Upande wa pili walikuwako vijana, nao walikuwa na hoja. Kila mwezi mweka hazina alitoa pesa za fundi, na kila mwezi fundi alirudi na jambo jipya. Tena dereva wetu, ambaye ni mwanachama kama sisi, alikwisha kusema kwamba hatapakia tena mzigo mzito kwenda nao safari ya mbali. Alisema gari likiingia shimoni anasikia mlio nyuma ya kichwa chake, kama mfupa unaovunjika. Wengine walisema ni uvivu. Kamati ikaamua kwamba kabla ya kupigana kwa maneno, gari likaguliwe.

KATWE NA MAFUNDI WAKE

Kutoka Mengo kushuka Katwe ni mwendo wa miguu. Huko nyundo hazinyamazi tangu asubuhi hata jioni: walehemuji, wafua bati, wachonga vyuma, mafundi wa bodi na rangi. Jina la Katwe lilizidi kukua baada ya 1972, Waasia walipofukuzwa nchini na biashara ya spea ikavunjika. Kifaa kikikosekana dukani, fundi alikichonga mwenyewe, au alikitoa kwenye gari lililokufa akakipachika kwenye gari lililo hai. Baadaye Soko la Kisekka kule chini mjini lilijulikana kwa miaka mingi kuwa mahali pa spea zilizotumika. Ndiyo maana sisi watu wa Kampala tuna imani kubwa kwamba hakuna gari lisilotengenezeka.

Imani hiyo ni nzuri, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo uko chini ya gari.

KUTU YA BODI NA KUTU YA CHASISI

Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Chumvi huiharakisha. Gari lililozoea kubeba samaki wabichi, au chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese (si Katwe yetu hii ya Kampala), huliwa upesi kuliko lililobeba ndizi. Hata magari yaliyotumika katika nchi zenye baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huja na ugonjwa huo tumboni. Hapa kwetu tuna misimu miwili ya mvua, na barabara za udongo. Matope mekundu hunata chini ya gari, na jua likiwaka juu ya bodi, chini bado ni majimaji wiki nzima.

Lakini kutu si moja. Kutu ya mlango, ya bawa la tairi au ya sakafu ya karai la mizigo ni kutu ya bodi. Inaudhi macho, inapitisha maji, lakini fundi hodari anaikata, anaweka bati jipya, anapaka rangi, na gari linaendelea.

Kutu ya chasisi ni jambo jingine. Chasisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, kama ngazi iliyolazwa chini. Injini imekaa juu yake, springi zimefungwa kwake, na mzigo wote unabebwa nayo. Pale mhimili ulipo kama bomba, maji huingia ndani yasipate pa kutokea, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo mtu anaweza kuona rangi nyeusi safi kwa nje, kumbe chuma kimebaki unene wa karatasi.

JINSI YA KUPIMA

Fundi wetu hakutumia mashine yoyote ya ajabu. Aliliweka gari juu ya magogo imara, maana kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kujitafutia kifo. Kisha alikwangua matope na kupita na nyundo ndogo, akigonga kidogo kidogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na magamba huanguka. Penye shaka alisukuma ncha ya bisibisi. Alikazia sana mahali springi za nyuma zinapofungwa, mahali kebini inapokalia chasisi, na pale mihimili inapopinda kupita juu ya ekseli. Mwisho alifuata bomba za breki kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, hasa chini ya vishikizo vyake, maana huko ndiko huoza bila kuonekana, na bomba hupasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu.

Katika pikapu yetu injini ilikuwa nzuri. Giaboksi ilikuwa nzuri. Bisibisi ilipofika kwenye kifungio cha springi ya nyuma, upande wa kushoto, iliingia yote mpaka mpini. Upande wa kulia hali haikuwa mbali na hiyo. Mlio ambao dereva aliusikia ulikuwa wa kweli.

JE, KIRAKA HAKITOSHI?

Wapo waliosema tulehemu kiraka. Fundi alitujibu kwamba kiraka kilicholehemiwa juu ya chuma kilichooza kinashika kutu tu, hakishiki chuma. Ili kazi iwe ya haki inabidi kukata mpaka kufikia chuma kizima pande zote mbili, kuingiza kipande kipya chenye unene ule ule, na kunyoosha mihimili isipinde. Kabla ya hapo tangi la mafuta litolewe na waya za betri zifunguliwe. Ni kazi kubwa, na gharama yake ni kubwa.

Wengine walisema tutafute chasisi nyingine iliyotumika. Hilo nalo lina mtego. Chasisi ina namba yake iliyopigwa kwenye chuma, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya gari. Ukibadilisha chasisi bila kupeleka habari kwa wenye mamlaka, gari lako na karatasi zako vinakuwa vitu viwili tofauti. Polisi akikagua, au bima ikichunguza baada ya ajali, mashaka ni yako.

Tukumbuke pia yaliyotokea Marekani. Mwaka 2008 kampuni ya Toyota, baada ya malalamiko mengi juu ya pikapu za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chasisi zake zilioza, ilikubali kuzinunua tena zile zilizotoboka kabisa, kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Wenye kiwanda chao, wenye kila kifaa, waliona ni afadhali kuliondoa gari la namna hiyo barabarani kuliko kulitia viraka. Sisi wenye mfuko mdogo tusijidai kuwa mafundi kuwapita.

HESABU

Hesabu ya gari bovu ifanywe kwa kalamu, isifanywe kwa moyo. Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo ni shilingi milioni 6, na fundi yuko tayari kuyasimamia kwa miezi 24. Hiyo ni shilingi 250,000 kila mwezi, kabla ya mafuta, tairi, bima na posho ya dereva. Sasa weka pembeni gharama ya kukodi gari siku zile tu unapolihitaji. Ipi ni kubwa? Tulipofungua daftari la safari tuliona kwamba siku nyingi pikapu ilisimama, na safari nyingi zilikuwa za kupeleka barua na viti, kazi ambayo bodaboda au gari la kukodi la saa moja linaiweza. Safari za mazishi ndizo hasa zilizohitaji gari, na hizo ndizo ambazo gari lile halikufaa tena kuzifanya.

Mwanachama mmoja alisema tusiuze kwa sababu tangu 2018 sheria imekataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo pikapu imara za zamani haziji tena. Ni kweli. Lakini sheria hiyo inapandisha bei ya gari zee lililo zima. Haiponyi lililooza.

Tena tusisahau sisi ni nani. Chama kinapomlipa dereva, chama kimekuwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, ambayo tunaisoma mbele ya waajiri kila tunapojadiliana nao, inatubana na sisi. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vilivyo salama, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Dereva wetu alipokataa safari alitumia haki ambayo sisi wenyewe tunaihubiri. Aliyemwita mvivu alisimama katika mkutano wa tatu akamwomba radhi, na jambo hilo likaisha.

KUUZA KWA NAMNA GANI

Alikuja dalali mmoja. Alitaja bei iliyozidi karibu mara mbili ya ile ya wauza vyuma, kwa sharti moja: tuzibe matundu kwa fila, tupake rangi nyeusi chini, na tusiseme kitu. Pesa zile zingetufaa. Lakini gari lile lingenunuliwa na nani? Lingenunuliwa na mchuuzi wa makaa, au kijana anayetaka kubeba matofali Ndeeba, mfanyakazi mwenzetu. Angepakia tani nzima, na siku moja mihimili ingekatika akiwa mteremkoni.

Wanachama walipiga kura. Wengi walikubali pikapu ivunjwe: injini, giaboksi, ekseli, milango na tairi ziuzwe kila kimoja peke yake, na chasisi ikatwe vipande mbele ya mashahidi watatu, iuzwe kama chuma chakavu. Namba za gari na kadi zirudishwe kwa wenye mamlaka, ili gari lifutwe katika daftari la serikali na jina la tawi lisiendelee kubeba deni la gari lisilokuwako. Pesa zote zikaingizwa katika mfuko wa mazishi, na hesabu ikabandikwa ukutani.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Katika mazishi ya kwanza baada ya hapo, gari la kukodi lilichelewa saa mbili, na wafiwa walikaa nje ya nyumba wakingoja. Wazee walinung'unika, nao wana haki. Kamati imeagizwa kufanya mapatano ya maandishi na mwenye gari mmoja, bei ijulikane mapema, na kuweka akiba kila mwezi hata tutakapoweza kununua gari jingine.

Kwa matawi yenye swali kama letu, ushauri wetu ni huu:

1. Kagueni chasisi na bomba za breki kabla ya kuzungumza habari ya pesa.
2. Msikilizeni dereva. Yeye ndiye anayekaa juu ya gari.
3. Kama chasisi ni nzima na kutu ni ya bodi tu, tengenezeni bila woga.
4. Kama chasisi imeoza, msimuuzie mtu gari zima.
5. Mkiuza gari zima lililo salama, msikabidhi ufunguo kabla jina kwenye kadi halijabadilishwa, maana likisababisha ajali, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina.
6. Uamuzi uwe wa mkutano wa wanachama, usiwe wa mwenyekiti na rafiki zake.

Matawi ambayo yana mapatano mazuri ya gari la mazishi tunayaomba yatuandikie, yatueleze bei na masharti waliyokubaliana, ili tuyachapishe katika kurasa hizi.