Kompyuta Isiyoona Mtandao: Usikimbilie Kuiuza

Katika nyumba nyingi za askari, kuanzia mjini Kasese hadi Bwera mpakani mwa Kongo, kompyuta iliyokwisha kutumika ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa mshahara. Mtu hudunduliza miezi kadhaa, akainunua ili watoto wasome na mama ampelekee salamu mumewe aliye lindoni mbali. Pengine imewekewa Linux, mfumo usiolipiwa ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Unix. Jioni ikiwashwa, kila kitu huitika isipokuwa Wi-Fi. Jirani husema imekufa, na kesho yake huuzwa kwa bei ya kutupa.

Hasara hiyo yaweza kuepukwa. Wi-Fi ni redio ndogo iliyomo ndani ya kompyuta na, kama redio ya kikosi, haisemi bila mwendeshaji. Mwendeshaji wake ni programu ndogo ya kiwanda kilichoiunda. Baadhi ya viwanda havikuitoa programu hiyo kwa uhuru, hivyo baadhi ya Linux zilisambazwa bila kuwa nayo. Debian, iliyo miongoni mwa Linux kongwe, ilianza kuiweka katika diski zake rasmi za kawaida mwaka 2023.

Basi, kwanza itazamwe kama swichi ya Wi-Fi haikuzimwa. Pili, simu yenye kifurushi ichomekwe kwenye kompyuta kwa waya wa USB, iruhusiwe kugawa intaneti. Kisha kompyuta iagizwe kuleta programu inayokosekana, izimwe na kuwashwa upya. Mara nyingi majina ya mitandao hujitokeza.

Wala asiwepo wa kusema kwamba Linux na milima ya Rwenzori havipatani. Mwaka 2005 shirika la Inveneo, pamoja na ActionAid, liliunganisha kwa Wi-Fi vijiji vya Bukuuku, karibu na Fort Portal, kwa kompyuta za Linux zilizotumia umeme wa jua.

Anayekwenda kununua, na achukue Linux katika flashi. Kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo palepale dukani, bila kugusa kilichomo ndani, itazamwe kama inaona mtandao. Ni kazi ya dakika chache, nayo yaweza kuokoa akiba ya miezi mingi.