Ayari Aliyejirudi: Vitenzi vya Uongofu katika Riwaya za Mapenzi ya Zamani

Iko aina ya riwaya ambayo imependwa Ulaya kwa zaidi ya karne mbili na nusu, na mpaka leo yachapishwa kwa wingi. Mambo yake huwekwa katika enzi iliyokwisha pita. Bwana mmoja mwenye mali na jina, mlevi, mcheza kamari na mharibu wa wanawali, akutana na mwanamke asiyefanana na wale aliowazoea. Baada ya misukosuko mingi tabia yake yageuka, na kitabu chafungwa kwa ndoa. Wasomaji wa riwaya hizi ni makundi mawili tangu mwanzo. Kundi moja hufurahi na hutaka nyingine. La pili huuliza kama mtu wa namna hiyo hubadilika kweli, na kama akibadilika, ni nani aliyembadilisha.

Swali hili la pili likiulizwa kwa Kiswahili lina tabu ya peke yake. Msemaji hawezi kulitamka mpaka kwanza achague kitenzi: je, ayari yule ametubu, ameongoka, ameokoka au amejirudi? Vitenzi hivi vinne huandikwa na wafasiri kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kila kimoja kina mtendaji wake na masharti yake. Yaonekana kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa wasomaji wa Kiswahili juu ya wahuni wa riwayani ni ugomvi baina ya vitenzi hivi.

Yafaa kuanza na chimbuko la riwaya yenyewe. Mwaka 1740 Samuel Richardson, mpiga chapa wa London, alitoa Pamela, kisa cha mtumishi wa nyumbani anayewindwa na bwana wake. Bwana huyo amfungia katika nyumba ya mbali, ajaribu kumnajisi, ashindwa. Halafu asoma barua na shajara za msichana huyo, moyo wake wageuka, amwoa. Mwaka uliofuata Henry Fielding alitoa Shamela, kijitabu cha mzaha, ambamo msichana yule ni mjanja aliyemtega bwana tajiri. Hivyo shaka ya wasomaji ina umri sawasawa na riwaya yenyewe. Richardson naye hakupendezwa na fundisho ambalo watu walilichota kitabuni mwake, yaani kwamba mhuni aliyeongoka ndiye mume bora kuliko wote. Katika Clarissa, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1747 na 1748, alikusudia kulivunja fundisho hilo. Sehemu za mwisho zilipokuwa hazijatoka, Lady Bradshaigh, msomaji asiyemfahamu, alimwandikia akitumia jina la kubuni, akamsihi Lovelace ajirekebishe na amwoe Clarissa. Richardson alikataa. Clarissa akafa, na Lovelace akauawa katika mapambano ya watu wawili. Pengine hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu wa nguvu ya haja ya msomaji: mama yule aliyajua maovu yote ya Lovelace, na juu ya hayo alimwombea.

Katika zama zetu, Janice Radway wa Marekani alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wake juu ya wanawake wasomao riwaya za mapenzi katika mji aliouficha kwa jina la Smithton. Aliona kwamba wasomaji hao hawakuupenda ukatili wa shujaa kwa kuwa ni ukatili. Waliuvumilia pale tu walipoweza kuusoma kama jeraha la zamani ambalo upendo ungeliponya. Jambo hili lastahili kushikwa, kwa sababu latazama upande mmoja tu, yaani moyo wa mwanamume. Alichokichukua mwanamume huyo kwa watu wengine hakiulizwi sana.

Sasa tutazame maneno. Neno ayari limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko katika hadithi za kale lilimhusu mwizi shujaa mwenye hila na murua wake. Katika Kiswahili limebaki na hila, murua umepotea: ayari ni laghai. Neno lililotawala ni mhuni, nalo lina historia ya namna nyingine. Mhuni wa asili hakuwa lazima mtu wa zinaa; alikuwa mtu asiye na kwao, anayetangatanga nje ya ukoo na nje ya mamlaka ya wazee. Serikali ya kikoloni ilipowakamata vijana wasio na kazi Dar es Salaam na kuwarudisha makwao kwa nguvu, iliwaita wahuni katika maana hiyo hasa. Kwa hiyo uhuni, kwa sikio la Mswahili, ni jambo la mahali kabla ya kuwa jambo la moyo. Mwenye kupotea njia dawa yake ni kurudi.

Na kurudi kumo ndani ya vitenzi vya uongofu kuliko inavyodhaniwa. Kutubu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kurejea. Lakini kurejea huko ni kwa Mungu, na Kiswahili kimelihifadhi neno katika eneo hilo. Mtu hutubu kwa Mola. Kwa mkewe aliyemdhulumu hutaka radhi. Toba na radhi ni vitu viwili, na msomaji aliyelelewa katika lugha hii huhisi kasoro pale ambapo shujaa ametokwa na machozi ya toba ukurasa mzima bila kumtaka radhi mtu yeyote. Kuongoka ni kitenzi cha hali: hutokana na kuongoa, na kwa kiambishi cha -k- kimempoteza mtendaji. Husemwa ameongoka, anayetaka kumtaja aliyemwongoa hana budi kukibadili kitenzi, aseme ameongolewa na fulani. Hapo ndipo penye kizuizi cha riwaya ya Ulaya, maana shauri lake lote ni kwamba aliyemwongoa mwanamume ni mchumba wake, na kitenzi cha kawaida hakina nafasi ya kumtaja.

Kitenzi cha nne ndicho chenye utajiri. Kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili anyooke. Kutoka hapo tuna marudi, yaani adhabu ya kufunza. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha maana hii ya kuadibu pamoja na ile ya kurejea. Basi kujirudi hakumaanishi tu kurejea ulikotoka. Ni mtu kujifanyia mwenyewe kile ambacho mzazi angemfanyia: kujikanya, kujiadhibu, kujinyosha. Mtendaji na mtendwa ni mmoja, na fimbo imo.

Kwamba maana hii si ajali ya pwani tu, kwaonekana mtu akienda magharibi. Katika nchi ya Nyamahanga, na kwa jumla katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya kitabu, lakini nyumbani huzungumzwa Kishubi, Kihangaza na jamaa zake, lugha ambazo ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika Kirundi na Kinyarwanda kutubu ni kwihana. Neno hilo ni kitenzi cha kujirejea kilichojengwa juu ya guhana, yaani kuadhibu, kuonya. Muundo ni ule ule wa kujirudi, kiungo kwa kiungo, ingawa mizizi haina uhusiano wowote: mmoja ni wa Kibantu, na wa pili umetoka Arabuni. Mwanafunzi wa huko akikutana na kujirudi katika riwaya ya Kiswahili hakuti neno geni. Amekuta wazo la kwao lililovaa kanzu.

Nchi hiyo hiyo ina kitenzi kingine chenye uzito, nacho ni kuokoka. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea Uganda, Burundi na magharibi ya Tanganyika, Ngara na Bukoba zikiwamo. Waganda waliwaita watu wake balokole, yaani waliookoka. Katika mikutano yao mtu aliyekuwa mlevi au mzinzi alisimama mbele ya watu, akayataja makosa yake moja moja, na alichoiba akakirudisha kwa mwenyewe. Ushuhuda huu ni hadithi kamili ya ayari aliyebadilika, yenye mwanzo, kati na mwisho, nayo imesikiwa na watu wengi zaidi ya wale waliowahi kushika riwaya. Hautangulizi ndoa, hutanguliza hesabu: nani aliibiwa, na je, amelipwa? Haikosi kuwa msomaji aliyezoea hadithi ya namna hii atamhukumu bwana wa Richardson kwa ukali kuliko Lady Bradshaigh.

Riwaya ya Kiswahili yenyewe haina kundi kubwa la vitabu vya mabwana wa kale walioongolewa na mapenzi. Zilizo karibu nayo, hata hivyo, zatosha kuonyesha njia iliyoshikwa. Ya kwanza ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Kisa chake kimetokana na hadithi ya Alfu Lela U Lela juu ya liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawaita Hasidi na Mwivu, nao waliingia katika adhabu hiyo kwa kumtosa ndugu yao baharini, sababu ikiwa kijicho juu ya mali na mchumba wake. Adili amelazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Awapiga, kisha awalisha na kuwabembeleza. Huku ndiko kurudi kwa maana yake kamili, na yule mwenye fimbo aumia pamoja na wapigwaji.

Jambo kubwa liko mwishoni. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu wawili wakisha rudishiwa ubinadamu hurudia khiana ile ile, na mambo yao yaishia katika adhabu ya kifo. Shaaban Robert aliukata mwisho huo. Kwa maombezi ya Mfalme Rai, Hasidi na Mwivu warudishiwa umbo la watu, nao ni watu kweli safari hii. Mwandishi hapa alikuwa msomaji kabla ya kuwa mwandishi, na kama mama yule wa Uingereza alitaka waovu wapone. Tofauti ni kwamba hakuwaponya kwa mapenzi ya mwanamke. Mchumba hana kazi yoyote katika uongofu wao. Waliponywa kwa marudi ya miaka, kwa huruma ya aliyedhulumiwa na kwa maombezi ya mfalme. Wako wanaouona mwisho huu kuwa laini mno. Lakini ulaini huo umelipiwa kwa mijeledi mingi, na wakosoaji wake huisahau hesabu hiyo upesi.

Kwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, mambo ni makavu zaidi. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, Tumaini aurithi utajiri, autapanya kwa pombe na wanawake, halafu aoa na kuwa mkulima mkubwa. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo. Kezilahabi aendelea: siasa ya Ujamaa yamnyang'anya Tumaini shamba ambalo ndilo lililomnyosha, naye aua mtu wa serikali, ahukumiwa kifo. Msomaji aachwa na swali gumu, kama Tumaini alikuwa amejirudi, au alikuwa amepata tu kitu cha kumshikilia. Katika Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka huo huo, Chonya aacha kijiji, aingia katika wizi mjini, afungwa, na mwisho arudi kijijini. Hapa mhuni na kurudi vimekutana katika maana yao ya zamani kabisa, ingawa njia ya kufikia hapo ni nyepesi kuliko ile ya Tumaini.

Lakini kitabu kilichowatikisa wasomaji kuliko vyote ni Rosa Mistika, cha mwaka 1971, na ndani yake aliyepotea njia ni mwanamke. Rosa amelelewa na baba mkali na mlevi. Akitoka katika ukali ule aangukia uhuru asioujua, apita mikononi mwa wanaume wengi. Kisha ajirudi. Hakuna kitenzi kingine kifaacho, kwa kuwa hakuna mchumba aliyemwongoa wala mkutano aliotolea ushuhuda, amejikanya mwenyewe. Ndipo Charles, aliyekuwa tayari kumwoa, agundua kwamba si bikira, amkataa. Rosa ajiua.

Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, na miaka ikapita kabla hakijaingizwa katika masomo. Marufuku ile nayo ni hukumu ya wasomaji, ijapokuwa ya wasomaji wenye mihuri. Ilitazama dhambi za Rosa, na yaonekana haikumtazama Charles. Kwa miaka mia mbili na zaidi riwaya ya Ulaya imemsamehe mwanamume kila kitu kwa sharti la kuoa tu; mwanamke aliyefanya sehemu ndogo ya hayo, akajirudi pasipo kushurutishwa, alikutana na mlango uliofungwa, ndani ya kitabu na nje yake. Kezilahabi hakuubuni mlango huo. Alichofanya ni kumpeleka msomaji mpaka mbele yake.

Limebaki jambo la wafasiri. Riwaya za Kiingereza za aina hii zikija kutafsiriwa, sura ya mwisho itadai kitenzi. Akiandika ameokoka, mfasiri atakuwa ameuhamisha mkutano wa Ngara mpaka ukumbi wa ngoma wa London, na wasomaji watacheka pasipo mzaha. Akiandika ametubu, msomaji atauliza kama radhi nayo imetakwa. Ameongoka litapita bila kelele, nalo litamfuta mwanamke ambaye kitabu kizima kimeandikwa ili kumpa sifa hiyo. Amejirudi ndilo lililo sahihi kwa sarufi na kwa adabu. Ila msomaji wa Nyamahanga, aliye na kwihana masikioni mwake, atafungua kurasa za nyuma kuitafuta ile fimbo.